Nguruwe wa Bi Arlys

Bi Arlys Benda hakuwahi kufuga nguruwe maishani mwake. Uani kwake palikuwa na kamba ya nguo, tangi la gesi na banda dogo la kuwekea koleo la theluji. Hata hivyo, kwa miaka zaidi ya thelathini, kila mtu katika mji wa Orrin alikuwa amesikia habari za nguruwe wake.

"Nichukulie hii supu, tafadhali," angemwambia mzazi aliyekuja shuleni kumchukua mwanawe jioni. "Nimepika nyingi kama mtu asiyejua kuhesabu. Usipoichukua, inakwenda kwa nguruwe."

Supu yenyewe ilikuwa ndani ya ndoo ya aiskrimu, ile ya plastiki yenye mfuniko, ambayo hakuna mwanamke wa upande huo wa jimbo la Nebraska anayeitupa hata ikipasuka mdomo. Mzazi angeipokea na kusema, "Haya, niwasaidie hao nguruwe wasije wakavimbiwa." Wangecheka wote wawili. Hakuna aliyeomba na hakuna aliyepewa, na ndoo ilikwenda nyumbani ikiwa bado ya moto.

Bi Arlys alikuwa mpishi wa shule. Asubuhi alipika chakula cha mchana cha wanafunzi sitini na wanne, na Alhamisi, kama ilivyo desturi, maharage yenye nyama ya kusaga pamoja na mkate wa mdalasini. Kengele ya saa tisa na nusu ilipolia alivua aproni, akavaa sweta, na ukumbi ule ule wa kulia ukageuka kituo alichokisimamia, kilichoitwa Baada ya Kengele. Watoto ambao wazazi wao walikuwa bado kazini walibaki pale mpaka saa kumi na mbili jioni. Walifanya hesabu, walicheza drafti, walipanda figili kwenye makopo, na walikula.

Meza ya dirishani, karibu na kipasha joto, ilikuwa ya Brynn Tollefson, msichana wa miaka tisa. Baba yake, Wade, naye alikulia kwenye meza hizo hizo, akila chakula cha Bi Arlys. Miaka miwili iliyopita shafti ya trekta ilikamata mkono wa koti lake la baridi, na ilipomwachia, mkono wa kulia ulikuwa haupo tena kuanzia juu ya kiwiko. Mama yake Brynn, Joni, alifanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee, maili hamsini kutoka Orrin. Kila Ijumaa, kabla ya kwenda nyumbani, Brynn alitia mikate miwili kwenye mfuko wa koti, akiamini kwamba haonekani. Na kila Ijumaa Bi Arlys aliweka sinia ya mikate karibu kabisa na ndoano za makoti, kisha akawapa watoto mgongo na kufungulia maji ya sinki kwa nguvu zote.

Hiyo ndiyo kazi aliyoijua kuliko hata upishi: kumsitiri mtu bila yeye kuhisi kwamba anasitiriwa.

Majira ya baridi ya mwaka huo, bajeti ya jimbo ilitoka. Ilikuwa kitabu cha kurasa mia tatu, na vituo vyote vya baada ya shule vilivyoko vijijini vilikuwa mstari mmoja tu ndani yake. Kodi zilikuwa zimepunguzwa, mapato yalikuwa yameshuka, na mbele ya mstari ule gavana alikuwa ameandika sifuri. Vituo vya mijini vingeweza kujikokota, maana mjini kuna mabenki, hospitali kubwa na makanisa yenye watu wazito. Orrin ilikuwa na ghala la nafaka.

Colleen Asher, msichana mchangamfu kutoka muungano wa watetezi wa vituo hivyo, alimpigia Bi Arlys simu kutoka Lincoln, makao makuu ya jimbo.

"Mama, Kamati ya Bajeti itasikiliza wananchi mwezi wa pili. Tunakuhitaji. Utakuwa na dakika tatu."

"Mimi? Nikawaambie nini maseneta? Namna ya kukanda unga?"

"Waambie habari ya mtoto mmoja. Namba zinawapa usingizi. Badilisha jina tu, basi. Watu wote hufanya hivyo."

Bi Arlys aliona hilo halimfai. Aliandika namba zake kwenye karatasi kwa mwandiko safi: watoto wangapi, siku ngapi, vijiji vingapi. Akaendesha gari kwa muda wa saa tano mpaka Lincoln, akiwa amevaa viatu vyake vya kanisani.

Walimwita saa nane mchana. Alitaja jina lake na kulitamka herufi moja moja ili liingie kwenye kumbukumbu, kama ilivyo sheria pale. Taa ndogo ya kijani ikawaka mbele yake. Alisoma. Alipofika kwenye idadi ya vijiji, seneta mmoja alikuwa anatafuta kitu kwenye simu, na mwingine, Seneta Goss, mzee mwenye shingo nyekundu ya mkulima, aliinua kidole.

"Samahani mama. Mimi nilikulia shambani. Tukitoka shule tulikwenda kukamua ng'ombe. Hatukusubiri serikali itushike mkono. Hawa watoto wa leo wana ugonjwa gani?"

Watu wakacheka kidogo. Bi Arlys alihisi damu ikimpanda masikioni. Akaiweka karatasi chini.

"Nitakueleza habari ya msichana mmoja, Mheshimiwa. Tumwite Anna. Baba yake hana mkono wa kulia, trekta liliuchukua, na bado analisha ng'ombe wa watu kwa huo uliobaki. Mama yake anaogesha wazee wa watu wengine maili hamsini kutoka nyumbani. Mwezi uliopita walikatiwa umeme siku kumi na moja. Anna alifanya hesabu zake ndani ya gari la baba yake, kwa mwanga wa kile kitaa cha juu ya kiti. Kila Ijumaa anaficha mikate miwili kwenye koti. Mmoja wake, mmoja wa baba. Sasa niambie, Mheshimiwa, huyo ng'ombe unayetaka akamuliwe na Anna yuko wapi?"

Taa ikawa ya njano, kisha nyekundu. Mwenyekiti hakumkatiza. Seneta aliyekuwa na simu aliigeuza kifudifudi. Seneta Goss alivua miwani, akaipangusa, akakaa nayo mkononi bila kuivaa.

Nje kwenye korido watu wasiomjua walimshika mikono. Colleen alimkumbatia huku machozi yakimtoka. "Umewaua, mama! Umewaua kabisa!"

Alilala kwa mwanawe pale Lincoln. Mwanawe alimwonyesha kikao chote kwenye simu, na Bi Arlys akaitazama sehemu yake. Halafu akaomba kuitazama tena. Baadaye, katika mambo yote ya mwaka ule, hilo la mara ya pili ndilo lililomchoma zaidi kila alipolikumbuka.

Kesho yake mchana aliingia Orrin na kusimama kwenye duka la ushirika kujaza mafuta. Wanaume wa kahawa walikuwa pale pale kaunta, kama kawaida yao. Duane Kolar, mstaafu ambaye mdomo wake haukustaafu, aliruka kutoka kitini.

"Simameni nyote, Mheshimiwa ameingia! Kofia chini!"

"Kaa, Duane, utavunjika nyonga."

"Wallahi, Arlys, jana tulizima bei za ng'ombe kwenye televisheni ili tukuone wewe. Mimi! Nizime bei za ng'ombe! Ulimkalisha yule mzee hadi akavua miwani."

Peg, mwenye duka, alimmiminia kahawa bila kumwangalia usoni. "Ulisema vizuri," alisema.

"Vizuri mno," Duane aliendelea, na sauti yake ikashuka. "Ila masikini Wade. Siku kumi na moja gizani, na mimi napita pale kila asubuhi na gari langu. Hata sikujua."

Bi Arlys aliweka kikombe mezani. "Mimi sikumtaja Wade."

Mmoja wa wanaume alianza kukwangua kitu kwenye kofia yake. Ndipo Peg aliposema, polepole, "Arlys. Wilaya hii ina wanaume wangapi wenye mkono mmoja?"

Macho ya Bi Arlys yakaangukia kopo la kahawa lililowekwa pembeni ya mashine ya hela, limetobolewa juu. Karatasi iliyobandikwa ilikuwa na maandishi makubwa ya kalamu nyekundu: Kwa familia ya Tollefson.

"Nani kaweka hilo?"

"Tumeweka sisi," alisema Peg. "Kwa nia njema. Wade aliingia asubuhi kuchukua chakula cha ng'ombe. Akaliona. Akageuka akatoka, hata chakula hakuchukua."

Bi Arlys aliendesha moja kwa moja mpaka geti la akina Tollefson. Aliona gari la Wade, aliona moshi wa jiko, aliona buti nyekundu za Brynn kizingitini. Mikono yake haikutoka kwenye usukani. Alikaa hivyo mpaka mbwa alipoanza kubweka, kisha akarudi kinyumenyume hadi barabarani kama mwizi, akijiambia kwamba atakuja kesho. Kesho yake hakwenda.

Jumatatu kengele ilipolia, kiti cha dirishani kilibaki kitupu. Kwa dirisha la jikoni alimwona Brynn akipanda basi la shule, lile la watoto wanaokwenda moja kwa moja nyumbani. Jumanne ikawa hivyo hivyo. Jumatano Bi Arlys alishindwa kuvumilia. Alitoka na aproni yake kwenye baridi, akapanda ngazi ya basi, tayari kusema: mwanangu, nisamehe, kosa ni langu. Alipoinua uso aliona watoto ishirini na wawili wamenyamaza, wanamtazama, na Brynn katikati yao akizidi kuzama kwenye kola ya koti lake.

Akaelewa kwamba alikuwa karibu kurudia kosa lile lile.

"Umesahau glavu zako," alisema. Akamnyooshea glavu zilizokuwa mfukoni mwa aproni, za kutoka kwenye sanduku la vitu vilivyopotea. Hazikuwa zake, na wote wawili walijua.

"Ahsante, Bi Arlys," alisema Brynn, akazipokea bila kuinua macho.

Alhamisi, saa ya mikate ya mdalasini, Wade alisimama kwenye mlango wa nyuma wa jikoni. Chini ya mkono wake mmoja alikuwa amebana mnara wa ndoo za aiskrimu zilizoingizwa moja ndani ya nyingine, mifuniko imefungwa juu kwa kamba.

"Bi Arlys."

"Wade. Ingia, mwanangu, nje kunauma."

"Sikai. Ziko kumi na saba. Joni kaziosha zote." Alizitua sakafuni kwa uangalifu, kana kwamba zina vyombo vya udongo ndani.

"Wade, sikutaja jina. Waliniambia nikibadilisha jina..."

"Hukutaja. Najua, niliangalia. Na Joni aliangalia, kule kazini, pamoja na wazee wake na wenzake wote. Walikuwa wanakushangilia. Halafu mwenzake mmoja akamgeukia akamwuliza, 'Hivi huyu si mumeo?'"

Bi Arlys alishika ukingo wa meza. "Nilitaka kukiokoa kituo. Hata Brynn mwenyewe..."

"Pengine umekiokoa. Hongera." Hakusema kwa kejeli, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Unajua, mimi nilijua huna nguruwe."

Bi Arlys alizitazama zile ndoo sakafuni.

"Tangu darasa la tatu najua. Marehemu baba alikuwa akirudi na ndoo yako anasema, 'Haya, leo tumewanyang'anya nguruwe wa Arlys!' Tunacheka, tunakula. Mama anaosha ndoo, kesho inarudi. Hakuna aliyewahi kuuliza hilo zizi liko wapi. Wale nguruwe hawakuwa wako peke yako, Bi Arlys. Tulikuwa tunawafuga sote."

"Na Brynn?" aliuliza Bi Arlys.

Wade alitazama buti zake. "Brynn anasema habari ya umeme alikunong'oneza wewe sikioni. Anaamini yeye ndiye aliyetuanika. Namwambia sivyo, hanielewi."

Alipoondoka, Bi Arlys aliendelea kusimama pale mpaka mikate ikaungua. Katika miaka yake yote jikoni pale, ilikuwa mara ya kwanza watoto kula maharage bila mkate wa mdalasini, na aliwaambia jiko ndilo lililoharibika. Kisha akasikitika kwamba hata uongo wake sasa ulikuwa wa kujisitiri mwenyewe.

Wiki iliyofuata Colleen alipiga simu kwa furaha.

"Mama, wameanza kulegea! Seneta Goss mwenyewe kila saa anamtaja Anna. Mwezi wa tatu kamati inasikiliza bajeti nzima, na wewe umo kwenye orodha. Tunachapisha karatasi ya kuweka mezani kwa kila seneta. Tunahitaji picha yake. Bila uso! Kwa nyuma tu, amevaa lile koti."

"Hapana."

"Hakuna atakayemjua, mama. Mgongo tu."

"Colleen, mwanangu, huku kwetu tunajuana hata kwa namna mtu anavyofunga geti. Mgongo! Hakuna picha. Na huyo Anna msimtaje tena. Ng'oeni habari yake kila mlikoiweka."

Kisha Colleen akasema, na sasa hakuwa mchangamfu, "Tukimwondoa Anna tunabaki na namba. Wewe mwenyewe uliona namba zinavyowalaza. Ukienda mikono mitupu, mstari ule unafutwa, na hao watoto thelathini wa kwako wanakwenda kukaa nyumba zisizo na mtu. Unataka hivyo?"

"Sitaki."

"Basi utawapa nini?"

Hilo swali Bi Arlys alikwenda nalo nyumbani, akala nalo, akafua nalo. Jibu alikuwa nalo tangu mwanzo, ila alilizunguka kama mtu anavyozunguka shimo kwenye barafu.

Ilikuwa habari ya mwaka 1985. Hata wanawe wawili hawakuijua, na marehemu mumewe, Milo, alikwenda nayo kaburini.

Siku ya kikao, mwezi wa tatu, ilikuwa mvua. Hakuvaa viatu vya kanisani. Alitaja jina lake, akalitamka herufi moja moja, na taa ya kijani ikawaka. Seneta Goss alimwinamishia kichwa kama mtu amwonapo rafiki, na hilo lilimfanya atamani kuinuka na kuondoka.

"Mara ya kwanza niliwaambia habari ya mtoto," alianza. "Mtoto huyo hakunituma. Aliniamini akaninong'oneza sikioni, nami, mtu mzima, nikaja kulitoa neno lake hapa ili nishinde. Yeye hana kosa hata kidogo. Kosa lote ni langu. Mngekuwa mnaweza kulifuta kwenye kumbukumbu zenu, ningewaomba mlifute."

"Hatuwezi, mama," alisema mwenyekiti kwa upole.

"Najua. Kwa hiyo leo nimewaletea mtu mwenye jina. Mwaka 1985 benki iliuza shamba letu kwa mnada. Majirani walinunua trekta letu, walinunua hata kitanda cha mtoto. Mume wangu alikwenda kufanya kazi barabarani, mbali, mimi nikapata kibarua cha usaidizi jikoni shuleni. Wanangu walikuwa na miaka minne na sita. Baada ya shule walikaa kwenye gari langu uani pa shule, milango imefungwa, hadi nimalize kuosha. Hapakuwa na kituo. Na mimi... nilikuwa naiba. Jibini ya shule. Naikata, naitia kwenye aproni. Mikate pia. Ilikuwa mali ya jimbo hili. Niliiba majira yote ya baridi."

Hakuna aliyelia mara hii. Watu walitazama karatasi zao, kama watu wanavyofanya mtu anapoanguka mbele yao na hawajui wamsaidie au wajifanye hawakuona. Bi Arlys alikuwa amepanga kuendelea vizuri kuhusu vituo na umuhimu wake, lakini maneno yalimpotea. Alisikia sauti yake ikitetemeka na akaichukia.

"Na hakuna aliyekukamata?" Seneta Goss aliuliza.

"Mpishi mkuu aliniona. Alvina Stroh. Alikuwa akiniona tangu siku ya kwanza."

"Akafanya nini?"

"Akaniambia ana nguruwe," alisema Bi Arlys. "Kwamba nimsaidie kubeba mabaki, wanamlemea."

"Na alikuwa nao?"

Taa ilikuwa imeshakuwa nyekundu. Alitikisa kichwa, na kwa kuwa kumbukumbu haziandiki kutikisa kichwa, mwenyekiti alimwomba ajibu kwa sauti.

"Hapana," alisema. "Hakuwa nao."

Wakamshukuru. Nje, kwenye korido, mtu mmoja tu alimshika mkono, naye alikuwa mlinzi wa mlango. Colleen alimsindikiza mpaka kwenye gari chini ya mwavuli, akasema hajui kama imesaidia au imeharibu. Bi Arlys alimwambia naye hajui. Mara hii hakutaka kuonyeshwa chochote kwenye simu ya mwanawe.

Bajeti ilipokuja kupitishwa, mwezi wa tano, mstari ule ulirudishiwa nusu. Baada ya Kengele kingefungua siku tatu badala ya tano, na Ijumaa ingebaki mojawapo. Colleen alisema ni ushindi. Bi Arlys aliomba sana moyoni kwamba iwe ni jibini iliyofanya kazi ile, lakini alivijua vile vichwa vya pale mbele. Vilivyokumbukwa vilikuwa mikate miwili na kitaa cha gari.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Kabla yake ilikuwepo kesho yake ya kikao, na duka la ushirika, na yeye akiwa hana mafuta ya kupita bila kusimama.

Aliingia. Televisheni ilikuwa imezimwa. Lile kopo halikuwepo tena kaunta. Wanaume wanne waliinua vikombe wakanywa kwa wakati mmoja, na Peg alipangusa mahali ambapo tayari palikuwa safi. Bi Arlys alihisi uso wake unawaka hadi shingoni. Wawili kati ya wale wazee walikuwepo kwenye mnada ule. Mmoja wao ndiye aliyenunua kitanda.

Mwishowe Duane alikohoa.

"Jibini, Arlys? Ile ya serikali, ya kwenye boksi?"

"Ile ile."

"Ile iliyokuwa inanata kwenye kaakaa siku mbili?" Alitikisa kichwa kwa huzuni kubwa. "Mwanamke anaamua kuwa jambazi, na nyama imo kwenye friji ile ile. Ungetuuliza, tungekushauri."

Mtu mmoja kahawa ilimtoka puani. Peg alisema, "Duane, funga bakuli lako," lakini alikuwa anauma midomo. Bi Arlys naye alitoa kitu kilichofanana na kicheko, kisha akageuka haraka kuelekea kwenye rafu za betri.

Hapo ndipo alipomwona Wade. Alikuwa amesimama kando ya magunia ya chumvi ya ng'ombe, na ndoo ya aiskrimu inaning'inia kwenye mkono wake mmoja. Haikuwa moja ya zile kumi na saba. Hii ilikuwa ya kwao.

"Bi Arlys."

"Wade."

"Joni aliangalia tena. Na Brynn. Tulimwachia Brynn aangalie mpaka mwisho." Alionekana kutafuta pa kuweka macho. "Kuku wangu wamechachamaa. Yai juu ya yai, sina pa kuweka. Nichukulie haya. Usipoyachukua, yanakwenda kwa nguruwe."

Kila mwanamume alikuwa ameinamia kikombe chake akikichunguza kana kwamba kimeandikwa kitu chini.

Bi Arlys alikuwa ametoa mamia ya ndoo kama hiyo. Aliamini anajua uzito wake. Sasa mkono wake ulipofika kwenye kishikio, alijua kwamba hakuwa na habari. Alitamani kusema kwamba anaishi peke yake, kwamba hana kazi na mayai dazeni tatu, kwamba hana haja. Aliyaona maneno hayo yote, na akaona namna ambavyo kila moja lingeangukia uso wa Wade. Alvina Stroh alimfundisha kutoa. Hakuna aliyemfundisha kupokea, na alikuwa amesahau kabisa kwamba aliwahi kufanya hivyo.

"Haya," alisema. "Niwasaidie hao nguruwe wasije wakavimbiwa."

"Ndoo naitaka," Wade alisema. "Usije ukaizoea. Brynn atapita kuichukua Ijumaa, kengele ikishalia."

Wiki ile Bi Arlys alikula mayai asubuhi na jioni. Hakumgawia mtu hata moja, ingawa mkono ulimwasha. Aliosha ndoo ya akina Tollefson mara mbili, akaikausha, akaufunga mfuniko wake vizuri.

Ijumaa, saa tisa na nusu kasoro dakika chache, aliiweka chini ya ndoano za makoti, kando ya sinia ya mikate. Kengele ililia. Mlango ulifunguka na watoto wakaingia na baridi yao na kelele zao. Kati ya miguu yote ile alisikia buti zikikokota kidogo kwenye sakafu, zikasimama karibu na sinia.

Uso ulikuwa ukimwaka. Hakugeuka. Alifungulia maji ya sinki kwa nguvu zote, akaosha sufuria ambayo ilikuwa imeshaoshwa.